Trei ya Mota

Mume wangu ni wakala wa forodha, na kazi hiyo ina ugonjwa wake: anaamini kila kitu duniani kina bei mbili, na ile ya kweli iko ng'ambo. Sukari ikipanda Busia ya Kenya, atavuka kuiulizia Busia ya Uganda. Ikishuka kwetu atavuka vilevile, ahakikishe kwamba wenzetu hawajashusha zaidi. Zamani foleni mbili zilimpunguza kasi. Lakini tangu marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni wazindue kituo cha pamoja cha mpakani mwezi Februari 2018, ambapo msafiri anamalizana na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja, Baba Watoto hana tena kizuizi chochote kati yake na vitu vya bei rahisi. Isitoshe, shilingi mia ya Kenya inampa zaidi ya elfu mbili za Uganda, na mtu akishika noti za maelfu mkononi hujiona tajiri hata kama amebeba nauli tu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nilizaliwa Tororo, upande wa Uganda, nikaolewa Busia ya Kenya, na nyumba yetu ya Burumba imeshapokea pasi isiyopata moto na redio inayoshika stesheni usiku tu. Hayo niliyazoea. Mota zilinishinda, kwa sababu zilikuja na sayansi, na sayansi katika nyumba ile ni idara yangu.

Chanzo kilikuwa mitumba. Watu wengi wakisikia mitumba huwaza suruali na viatu, lakini marobota huja pia na vitu vya kuchezea, vinavyomwagwa kwenye turubai na kuuzwa kwa fungu. Jioni moja Baba Watoto aliingia na gunia begani. Alimwaga sakafuni vipande vya barabara nyeusi ya plastiki, kila kipande kikiwa na mifereji miwili, na kando ya kila mfereji reli mbili nyembamba za chuma. Yakafuata magari mawili, jekundu na la bluu, kila moja likizidi kiganja kidogo tu, na vishikizo viwili vyenye kifyatulio.

"Ni Scalextric," alisema kifungua mimba wetu, aliyekwisha kusoma maandishi ya ubavuni.

Kwa asiyezijua: ni mbio za magari madogo zilizobuniwa na Mwingereza Fred Francis, akaziingiza sokoni mwaka 1957. Alikuwa anatengeneza magari ya bati yanayoendeshwa kwa springi, akaona burudani inaisha upesi mno, akatia mota ya umeme ndani ya gari na kuuleta umeme kwa reli. Gari lenyewe halina betri. Lina ulimi wa plastiki chini ya pua, unaoingia mferejini, na pembeni mwa ulimi huo nyuzi za shaba zilizosukwa zinazosugua reli na kuvuta umeme hadi kwenye mota. Usukani hakuna. Dereva ana kidole kimoja tu, na ufundi wote uko katika kujua pa kulegeza kabla ya kona.

Ya kwetu hayakuvuta chochote. Nilipoyapima kwa testa, mota moja waya wake wa ndani ulikuwa umekatika, na ya pili ilikuwa imeshikana kwa kutu hata mhimili wake haukuzunguka. Nikamwambia Baba Watoto kwamba mota za aina hiyo huuzwa mpya huko zinakotoka. Akaangalia bei kwenye simu, akaangalia nauli ya kuzisafirisha, akaifunika simu uso chini mezani.

"Mama Watoto," akasema, "mota ni mota."

Lazima nikiri kwamba kwa macho alikuwa sahihi. Kikopo kile cha chuma chenye mbavu mbili bapa, urefu milimita 25, upana 20, unene 15, mhimili wa milimita 2, ndicho kikopo kilichoenea kuliko vyote katika vitu vya kuchezea. Kampuni ya Mabuchi ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1954, inakiita namba 130, na viwanda vya China vimekiiga mpaka hakuna mtu anayeuliza tena ni cha nani. Kimo kwenye vijigari, kwenye feni za mkononi, kwenye vitu ambavyo mtoto huvunja siku ya Krismasi kabla ya chakula cha mchana. Lakini kikopo hakikwambii kilichosokotwa ndani. Mota ya kutumia betri mbili za tochi, yaani volti 3, ina mizunguko michache ya waya mnene. Mota ya mbio hizi, ambayo hula volti 12, ina mizunguko mingi ya waya mwembamba. Nje zinafanana, na kwa bahati mbaya Baba Watoto hununua vitu kwa nje.

Alivuka hadi Sofia, upande wa Uganda, akarudi na mfuko mzima wa mota, mchanganyiko: nyingine mpya zisizo na jina, nyingine zimenyofolewa kwenye vitu vilivyokufa, zikiwa bado na nyaya za rangi zinazoning'inia. Alikuwa amezinunua kwa uzito. Sijawahi kumwona mtu mwingine akinunua mota kwa kilo, na nadhani hata aliyemuuzia alikuwa hajawahi. Kwa kuijua nyumba yake, alikuwa amebeba pia trei ya mayai ya kunipoza. Mayai yaliliwa, trei ikabaki, na mota zikahamia humo, kila moja kwenye shimo lake.

Jaribio la kwanza alilifanya nikiwa shuleni nasimamia mtihani. Alipata pawa saplai ya kompyuta mbovu kutoka kwa jirani mwenye saiba, akafundishwa kwamba ukiunganisha waya wa kijani na mweusi inawaka, na kwamba waya wa njano ndio wenye volti 12. Mafundisho yakaishia hapo. Akazipanga mota mezani, akazibana kwa vibanio vya nguo, akaanza kuzipa volti 12 moja baada ya nyingine, kwa hoja kwamba ndizo zilizoandikwa kwenye kishikizo.

Sasa hebu tupige hesabu ambayo kidato cha pili wanaiweza. Mota ya volti 3 ina ukinzani wa omu moja hivi. Ukiiunganisha na volti 12 kabla haijaanza kuzunguka, inataka ampea 12. Volti 12 mara ampea 12 ni wati 144, zote ndani ya kikopo kinachoingia kwenye shimo la yai. Chaja dhaifu ingezima yenyewe na kutuokoa. Pawa saplai ya kompyuta haina huruma hiyo. Imeundwa kutoa ampea nyingi kuliko hizo bila kupepesa.

Dada anayetusaidia kazi za nyumbani ndiye aliyenisimulia. Mota ya kwanza ililia, ikapanda sauti, ikanyamaza, ikatoa moshi. Baba Watoto akasema hiyo ilikuwa mbovu. Ya pili ikafanya vilevile, naye akasema hiyo pia mbovu. Mtu wa kawaida angesimama kwenye ya tatu na kujiuliza. Yeye alisema muuzaji amemchanganyia, akaendelea, apate kujua nzima ni zipi. Vanishi ya waya inapoungua hutoa harufu chungu inayoshika kooni, na siku hiyo omena walikuwa wameanikwa dirishani. Dada alidhani ni gesi, akatoa watoto nje, akatoa mtungi nje, na mwishowe akatoa omena. Niliporudi nilikuta jamaa yangu yote imekaa chini ya mwembe na mtungi wa gesi katikati yao, isipokuwa mume wangu, aliyekuwa ndani na madirisha yote wazi, akiandika kwenye daftari la mauzo neno "mbovu" mstari kwa mstari.

Omena walipikwa. Hawakulika.

Usiku huo ndipo nilipotwaa idara yangu. Sheria ikawa moja: hakuna mota itakayoguswa na volti 12 kabla haijapita mkononi mwangu. Zilizosalia nikazibandika namba kwa selotepu, na trei ikawa maabara.

Kupima mota ya bei rahisi hakuhitaji mashine ya gharama. Kwanza zungusha mhimili kwa vidole. Mota nzuri inakukatalia kidogo, inaruka hatua kwa hatua, kwa sababu sumaku zinavuta chuma cha ndani. Inayozunguka tu bila kukataa sumaku zake zimechoka. Halafu utikise mhimili kando: ukicheza sana, bushi imelika. Halafu testa, upande wa omu. Zilizosoma omu moja au mbili zilikuwa za betri za tochi, hata kama Baba Watoto aliapa vingine. Tulikuwa tukitafuta ya omu kumi na zaidi.

Kasi ndiyo iliyokuwa ngumu kuipima, mpaka nilipokumbuka kwamba mota ikizungushwa kwa nguvu ya nje inageuka jenereta. Ukiunganisha mota mbili mhimili kwa mhimili, ukaipa umeme ile ya kwanza, ya pili itatoa volti, na kadiri inavyozungushwa kwa kasi ndivyo volti zinavyopanda. Kwa hiyo chagua mota moja iwe jenereta ya kudumu, uwe unabadilisha ile ya mbele tu, kisha usome testa. Huhitaji kujua mizunguko kwa dakika. Unachotaka ni kujua nani anamshinda nani. Kilichokosekana kilikuwa kiungo cha kushika mihimili miwili ya milimita 2 bila kuyumba.

Kiungo kilipatikana kwa mwendesha baiskeli mmoja pale barabarani. Watu wa baiskeli ni wenyeji wa zamani wa mpaka huu. Walikuwa wakivusha abiria na mizigo Busia tangu miaka ya 1960, kabla pikipiki hazijawanyang'anya kazi na jina la boda boda. Na kila mmoja wao hutembea na kamba ndefu ya mpira wa valvu mfukoni. Mpira ule mwembamba unaovikwa kwenye valvu ya gurudumu ukikatwa kipande kifupi huingia kwenye mhimili wa milimita 2 na kuushika barabara. Nilitaka kununua sentimita chache. Alinikatia bure, akaniuliza baiskeli yangu ni ya aina gani.

Matokeo yalimuumiza Baba Watoto kuliko moshi. Mota zenye kibandiko kimoja, za rangi moja, zilizotoka kwenye mfuko mmoja, hazikukaribiana hata kidogo. Moja iliifanya jenereta itoe volti 2.1, na pacha wake, kwa umeme uleule, 1.4.

"Lakini nilizinunua pamoja!" akasema.

Nikaifungua moja tuione. Ndani, mahali ambapo mota nyingi imara zina vipande vya kaboni, hii ilikuwa na vijani viwili vya shaba vyembamba, na kimojawapo kilikuwa kimepinda hata kinagusa kwa ncha tu. Hapo ndipo bei ilipopunguzwa. Kiwanda hakikuiba chuma wala waya; kilimwondoa mtu wa kukagua. Anayenunua mota za namna hiyo ndiye mkaguzi, na asipofanya kazi hiyo amelipia takataka.

Vijani vya shaba vina tiba kidogo. Ukiiacha mota izunguke taratibu kwa volti chache bila kubeba kitu, vinajisugua mpaka vikae sawa. Baba Watoto aliipenda tiba hii kwa sababu ilikuwa ya bure, akaanza kuitoa usiku kucha. Tukalala na mlio kama wa mbu aliyepata shahada. Kitinda mimba alihamia chumba cha dada. Mimi nilibaki, nikihesabu kwenye giza ni ngapi zimenyamaza.

Zile nzuri za volti 3 tulizitia kwenye gari la bluu, tukashusha umeme wa reli uwe volti 3. Gari liliondoka. Watoto wakapiga makofi, na kwenye upande wa mbali wa barabara likazimia. Vipande vile vya zamani vimeungana kwa viungo vilivyopata kutu, na kila kiungo kinakula umeme kidogo. Ukipoteza volti moja katika 12 gari haligundui. Ukipoteza moja katika 3 umepoteza theluthi ya uhai. Nadhani ndiyo maana volti 12 zilichaguliwa. Na kile kishikizo, ambacho ndani kina waya wa ukinzani uliopimwa kwa mota isiyo na pupa, kilipopitisha ampea za mota zetu kilipata moto hata plastiki ikalegea na kuchukua alama ya kidole gumba cha mume wangu. Alama hiyo ipo mpaka leo.

Aliyetutoa kwenye kinamasi hicho ni kaka yangu, fundi magari wa Tororo. Baba Watoto alikuwa akimlilia kwenye simu.

"Shemeji," kaka akasema, "unatafuta mota ya volti 12, si ndiyo? Gari ni volti ngapi?"

Kimya.

"Basi kwa nini unaitafuta kwenye vitu vya watoto?"

Ndani ya dashibodi ya gari la kisasa mna mota ndogo zinazofungua na kufunga njia za hewa ya moto na baridi. Ni ndugu wa kikopo kilekile cha 130, ila zimesokotwa kwa volti 12, na zimekaguliwa. Gari likichinjwa, watu hugombania injini, giaboksi na taa. Vimota vile hubaki kwenye takataka. Kaka alikuwa navyo kwenye kopo la rangi. Baba Watoto akauliza bei. Kaka akasema kwa shemeji hakuna bei, njooni tu mwasalimie wazee, maana ni muda.

Bei ilikuwa hapo. Mume wangu anadaiwa kwetu ng'ombe mmoja wa mwisho wa mahari, na kila mwaka una sababu yake: ukame, karo, bei ya mifugo Amukura. Kwenda Tororo maana yake ni kukaa mbele ya deni hilo ukinywa chai. Alilala akiwaza, asubuhi akasema twende.

Tulipitia Malaba na Probox yetu, vipande vyote vya barabara ya plastiki vikiwa vimefungashwa nyuma. Baba Watoto alikataa kuiacha trei. Alitaka kupambanisha mota za kaka na zake. Kwa hiyo afisa alipofungua mlango alikuta trei ya mayai magotini mwa kitinda mimba, na badala ya mayai vikopo vya chuma vyenye namba na nyaya. Akarudi nyuma hatua moja.

Mtu mwingine angesema ni vitu vya kuchezea vya watoto. Wakala wa forodha hawezi. Baba Watoto alishuka, akaeleza kwamba mota yenye nguvu isiyozidi wati 37.5 ina kifungu chake, 8501.10, lakini kama zikichukuliwa kuwa sehemu ya vitu vya kuchezea zitaingia 9503, ingawa kwa maoni yake seti nzima, kwa kuwa ni ya mashindano, inapaswa kusomwa 9504. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba haziwezi kunufaika na ule utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mizigo isiyozidi dola 2,000, kwa sababu asili yake ni China. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamuuliza mtoto, "Hizi ni za nini?" Mtoto akasema, "Za kuunguza." Ilibidi tuwashe moja kwa betri ya tochi ndipo turuhusiwe, na waliokuwa nyuma yetu walishuka kwenye magari kuja kuona.

Mwamba wa Tororo ulipojitokeza juu ya paa za mji, nilijua baba yangu ameshaketi barazani. Alifanya kazi kiwanda cha saruji maisha yake yote, lakini ukimuuliza habari zake atakupa habari za Safari Rally. Alikuwa kijana wakati mashindano yale, yaliyoanza mwaka 1953, yalipokuwa yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Alipoona magari aliyabatiza kabla hatujaketi. Jekundu likawa Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976. La bluu likawa Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, ya kwanza mwaka 1973.

"Na Mehta alizaliwa Uganda," baba akasema, akimtazama mkwe wake. "Msimchukue."

Mama alikuwa mbali kidogo, kwenye kivuli cha mlango wa jikoni, akichambua karanga kwenye ungo. Kwetu mkwe mwanamume hamkaribii mama mkwe. Humwamkia kwa mbali, hamshiki mkono, haketi mkeka wake. Baba Watoto anaishika heshima hiyo kwa bidii, zaidi tangu ng'ombe achelewe.

Kaka alilimwaga kopo lake la mota. Tulizipima kwa mpira wa valvu, na trei nzima ya Sofia ikaaibika kwa dakika chache: mota ya dashibodi ilisoma zaidi ya omu kumi, haikupata moto, na kwa volti 12 iliisukuma jenereta kuliko nyingine zote. Kaka akang'oa parafujo yake ya plastiki, akavika gia ya mota ya zamani yenye meno tisa, ile inayozungusha gurudumu la meno ishirini na saba, akaifunga ndani ya gari jekundu. Ya kuingia la bluu mhimili wake ulikuwa mfupi, tukaiahirisha. Barabara ikapangwa kwenye meza ya chakula ya baba, kona ya kwanza ikielekea mlangoni.

Ndipo mbingu ikanguruma. Tororo na radi ni ndugu. Vitabu vya rekodi vimewahi kuutaja mji huu kwa wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka, kwa hesabu za 1967 hadi 1976. Umeme ukakatika, pawa saplai ikafa, na baba akawa na kishikizo mkononi na gari lisilokwenda.

Mimi nilikuwa jikoni. Nasema hivyo kwa sababu ningekuwa sebuleni nisingekubali yaliyofuata. Baba Watoto alirudisha Probox kinyumenyume mpaka ngazi ya baraza, akavuta nyaya kutoka kwenye betri hadi kwenye reli, na ili betri isichoke akaacha injini ikiunguruma. Betri ya gari iliyotulia ina volti 12 na nusu hivi. Injini ikizunguka, altaneta inazipandisha zaidi ya 14. Jambo la pili halikujulikana na mtu mzima yeyote. Chini ya tumbo la gari jekundu mlikuwa na kipande cha sumaku, kazi yake kuvuta reli na kulishika gari kwenye kona. Kitinda mimba alikuwa amekibandua asubuhi, gereji kwa mjomba wake, akakitumia kuvulia misumari.

Na jambo la tatu ni baba. Anamjua Joginder. Hamjui mtu anayelegeza.

Nilisikia kilio chembamba, kisha kelele za watoto, kisha kitu chekundu kikapita mlango wa sebule kwa urefu wa kiuno, kikavuka baraza, kikakata ncha ya mvua iliyokuwa imeanza, na kutua kwenye ungo wa mama. Karanga ziliruka. Gari likabaki limesimama wima kwa pua, magurudumu ya nyuma bado yanazunguka.

Baba Watoto alitoka mbio, mikono mbele. Alipofika katikati ya uwanja akaona ungo uko magotini mwa nani, akasimama kwenye mvua. Hakuweza kuendelea wala kurudi. Baba alikuwa barazani akicheka mpaka akashika nguzo.

Mama aliliinua gari, akalipangusa maganda, akalitazama chini na juu. Halafu akasema nami, kwa sauti ya kumfikia asiyesemwa naye:

"Mwambie mkwe wangu, kilichokuja chenyewe kwangu hakitoki bure. Wa kwake yuko wapi?"

Mashauri yalifanyika baada ya mvua, kaka akiwa mshenga kati ya baraza na jikoni. Baba Watoto alitoa mbuzi. Kaka akaenda, akarudi: ng'ombe. Akatoa mbuzi wawili na pawa saplai. Ng'ombe. Akaomba walau apewe mota, mama mkwe abaki na bodi. Kaka hakwenda hata kuuliza. Nilimwona mume wangu akitazama huku na huku, akitafuta upande wa pili wa kuulizia bei, na kwa mama mkwe hakuna ng'ambo. Tuliondoka bila gari jekundu na bila barabara, kwa kuwa baba alisema haiwezekani kumweka Joginder rehani bila njia ya kupitia. Trei ilirudi na mayai ya kienyeji, na pale Malaba afisa yuleyule aliinua yai moja moja akitafuta nyaya.

Tangu hapo Baba Watoto ameshinda kwenye minada yote ya mifugo, Kenya na Uganda, akilinganisha. Aliwahi kuniuliza kama kuna namna ya kumpima mtamba kabla ya kumnunua. Nilimpa kamba.

Juzi mama akapiga simu. Nilidhani ni ng'ombe.

"Baba yako anakimbiza peke yake kutwa nzima," akasema, "na bado jioni analalamika ameibiwa ushindi. Nimechoka. Nileteeni lile la bluu Jumamosi."

"Na ng'ombe, Mama?"

"Ng'ombe ana miguu, atafika. La bluu mlitie mota ya kaka yako, msiniletee zile za kwenye trei. Na sumaku yake iwepo, kwa sababu mimi najua kulegeza."

Baba Watoto, aliyekuwa ameinamia simu kusikiliza, akaninong'oneza nimuulize kama la bluu litahesabiwa kwenye deni.

Mama alimsikia. "Mwambie Mehta alizaliwa Uganda," akasema. "Anarudi kwao tu."